Salio

Cherehani niliipiga picha mlangoni, asubuhi,
kabla jua la Isevya halijaipa mng'ao isiokuwa nao.
Nikaandika: ya miguu, mkanda mpya,
meza ina mkwaruzo mmoja.
Laki mbili na themanini. Njoo uione mwenyewe.
Mkwaruzo sikuuficha. Ni wa mkasi wangu,
mwaka ule wa sare za kwaya.

Wengi waliuliza, "Mwisho ngapi?" wakapotea.
Yeye hakuuliza. Ningejua hapo hapo:
mnunuzi asiyeomba kupunguziwa, Tabora hii,
ama ana homa, ama hana nia ya kulipa.

Alifika saa kumi, shati limepigwa pasi hadi ndani ya kola,
akajiita Kapela, mtu wa tumbaku, wa Urambo,
mke wake ndiyo kwanza amemaliza ufundi.
Nyuma yake guta, na kijana wa guta, Sizya,
aliyekodiwa pale stesheni.
Bwana Kapela hakukaa. Pedeli hakuikanyaga.
Nilimwekea kitambaa chini ya sindano ajaribu,
akakitazama kama aliyeshiba anavyotazama ugali.

"Mama, nimeshatuma. Angalia."
Simu ikalia ndani ya mfuko wa aproni.
Umepokea. Jina lake kwa herufi kubwa. Tarehe. Saa.
Namba ya muamala ndefu kama treni ya mizigo.
Salio lako jipya ni shilingi 280,000.
Sizya alishaikamata miguu ya meza.
"Fanya haraka, kijana, giza lisitukute njiani."

Nikasimama na ile simu, nikasoma polepole,
kama mtu anayekata kitambaa cha mwenzake.
Maana mie salio langu nalijua.
Mwenye nazo hajui lake. Mie nalijua
kama ninavyojua unga uliobaki ndoo gani, vikombe vingapi:
elfu tatu, mia moja na hamsini.
Nimelala nalo siku nne. Nimelinyima vocha,
nimelinyima nyanya.
Sasa zile elfu tatu zangu zimekwenda wapi?
Mgeni gani huyu, anaingia ndani
na wenye nyumba hawaonekani tena?

"Shusha," nikamwambia Sizya.
"Mama, mtandao tu huo unasumbua."
"Usumbue. Tutausubiri. Kiti kile pale."
"Lakini ujumbe si unauona?"
"Ujumbe nauona. Pesa ndiyo sijaiona."

Nikageukia ukuta, kiganja juu ya namba ya siri,
nikauliza kulekule pesa inakolala.
Kikazunguka kile kiduara, kikazunguka.
Jirani akatwanga, akapumzika, akatwanga tena.
Ndipo jibu likaja:
elfu tatu, mia moja na hamsini.
Wanangu wadogo. Wote wamo, hakuna aliyetoka.

Nilipogeuka, Bwana Kapela alikuwa anapokea simu
ambayo haikulia.
"Naam, bosi. Naam," akaenda nayo taratibu
hadi kwenye kona ya mashine ya kusaga,
na shati lake halikupata hata kunyanzi moja.

Usiku ndipo nilipoona na lile jingine:
ujumbe ulitoka kwa namba ya mtu, tarakimu kumi,
kama namba yangu, kama namba ya shangazi.
Jicho lilikwenda kwenye pesa, halikwenda kwa mtumaji.

Lakini jioni ile bado tulikuwa wawili uani,
mimi na Sizya, na meza katikati yetu.
Akauliza kwa sauti ya asiyetaka kuuliza,
"Na mimi, mama? Toka stesheni mpaka hapa?"
Ni kweli. Naye alikuwa ameibiwa,
miguu yake na jua lote lile.

Nikamtumia elfu mbili. Makato nayo yakala yao.
Simu yake ikalia. Akausoma ujumbe.
Hakusema asante, hakupanda guta.
Aligeukia ukuta, akaweka kiganja,
akaangalia salio kwanza.

Nikampenda kwa hilo.
Nikamwambia aninyanyulie upande wa pili, turudishe ndani.
Kitambaa bado kilikuwa chini ya sindano.